SOMO LA UJENZI: BARAZA LA MBAO PENYE MTEREMKO NA MITI



Wengi wetu tunaishi kwa mshahara wa viwanda vya Jinja au wa mashamba ya miwa ya Kakira, lakini nyumba ya uzeeni tunaijenga kwetu. Kwa mfanyakazi aliyetoka upande wa Mbale, kwetu maana yake mara nyingi ni kiwanja cha mteremko: migomba, kahawa, mikaratusi michache, na ardhi inayoshuka kuelekea mto. Fedha kidogo zikipatikana mtu hutaka kuongeza mahali pa kukaa na wageni mbele ya nyumba. Hapo ndipo fundi humwambia, "Tukate mlima kwanza, tupate tambarare."

Somo hili linasema kinyume chake. Penye mteremko usiikate ardhi ifuate nyumba. Kata mbao zifuate ardhi. Tutaeleza sababu, kisha tutaeleza kazi yenyewe kwa vipimo, ili kila mmoja aweze kumsimamia fundi wake au kuifanya kwa mkono wake.

KWA NINI TUSIKATE MLIMA

Aliyefanya kazi ghalani anajua jambo hili. Magunia yakipangwa kwa ngazi, kila gunia la chini linazuia la juu yake. Ukivuta gunia moja la chini, yaliyo juu hayaanguki wakati huo huo. Huweza kusimama saa nzima, halafu mtu akipita yanamwangukia. Mteremko ni hivyo hivyo. Udongo wa chini unaushikilia udongo wa juu. Ukichimba ukuta wima nyuma ya nyumba, umevuta gunia la chini. Wakati wa kiangazi ukuta husimama, maana udongo mwekundu wa Elgon ukiwa mkavu ni mgumu kama tofali. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo maji hujaa ndani yake, udongo unakuwa mzito na kuteleza, na ukuta hushuka usiku watu wamelala.

Historia ya mlima wetu tunaijua. Msiba mkubwa tunaoukumbuka sisi ni wa tarehe 1 Machi 2010, wakati udongo ulipofunika kijiji cha Nametsi, Bududa, pamoja na kituo chake cha afya, na mamia ya watu wakafa au wasionekane tena. Tarehe 11 Oktoba 2018 msiba ukarudi Bukalasi, na tarehe 27 Novemba 2024 ukafika Bulambuli.

Tuseme kweli: maporomoko makubwa ya namna hiyo huanzia juu mlimani, na baraza la mbao haliwezi kuyazuia. Lakini yapo maporomoko madogo ambayo hayatangazwi redioni, ya ukuta wa udongo nyuma ya nyumba moja, unaoangukia chumba kimoja walimolala watoto. Hayo mengi tunayasababisha wenyewe kwa jembe na sururu. Hayo ndiyo tunayoweza kuyapunguza.

KWANZA, KAGUA MAHALI

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, tembea kiwanja chote, na eneo la juu ya kiwanja chako pia. Tafuta dalili hizi:

1. Nyufa ardhini, hasa zilizopinda kama upinde.
2. Miti iliyoinama pamoja kuelekea bondeni, au iliyopinda shina karibu na ardhi.
3. Chemchemi mpya, au maji ya tope yanayotoka mahali palipokuwa pakavu.
4. Milango na madirisha ya nyumba yaliyoanza kukwama bila sababu, na nyufa mpya za ukuta.

Ukiona moja ya dalili hizi, usijenge. Mjulishe mwenyekiti wa kijiji na majirani walio chini yako, na mvua kubwa ikija usilale hapo. Hakuna nguzo inayoshinda mlima unaotembea. Somo linaloendelea hapa chini ni la mteremko uliotulia.

PILI, PIMA

Tuchukue mfano wa baraza la meta 4 kwa meta 3. Meta 4 zinafuata upana wa mlima. Meta 3 zinaelekea bondeni. Simamisha vigingi vinne kwenye pembe. Ili kujua kama pembe ni sawa, pima kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili: kwa baraza la 3 kwa 4 lazima upate meta 5 kamili. Ukipata pungufu au zaidi, sogeza vigingi.

Sasa tafuta kimo cha mteremko. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji, mtu mmoja ashike ncha moja kwenye kigingi cha juu na mwingine ashike ncha ya pili kwenye kigingi cha bondeni. Maji katika ncha zote mbili hukaa kimo kimoja daima. Weka alama, kisha pima kushuka hadi ardhini kila upande. Tuseme ardhi inashuka sentimeta 120 katika hizo meta 3.

Basi tutakuwa na safu tatu za nguzo, kila safu nguzo tatu, jumla nguzo tisa. Kutoka ardhini hadi juu ya boriti, nguzo za upande wa mlimani zitakuwa sentimeta 40, za katikati sentimeta 100, na za bondeni sentimeta 160. Ongeza sentimeta 90 za kufukia. Utahitaji nguzo tatu za sentimeta 130, tatu za sentimeta 190 na tatu za sentimeta 250. Miguu haitoshani urefu, lakini sakafu itakuwa sawa kama meza, na ardhi haikuguswa ila kwa mashimo tisa.

TATU, HESABU MZIGO

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hupima baraza kwa mzee mmoja na kiti chake. Lakini baraza halivunjiki siku hiyo. Huvunjika siku ya harusi, siku ya matanga, au mwaka wa imbalu, mwaka unaogawanyika kwa mbili, ambapo ngoma ya kadodi hupigwa na kijiji chote kinataka kuona.

Watu wakisongamana, meta mraba moja hubeba watu wanne. Baraza letu lina meta mraba 12; hao ni watu 48. Tukimhesabia kila mtu kilo 65, tunapata kilo 3,120. Kwa magunia ya sukari ya kilo 50, ni zaidi ya magunia 62. Bado hatujahesabu uzito wa mbao zenyewe na viti. Na watu wanaoruka kwa pamoja huongeza mzigo kupita uzito wao, tena huliyumbisha baraza. Kwa hiyo kadodi ichezwe uwanjani.

Je, mzigo huo unagawanywa sawasawa kwa nguzo tisa? Hapana. Nguzo ya katikati kabisa hubeba robo ya mzigo wote, maana imezungukwa na sakafu pande zote nne. Nguzo nne za kingoni hubeba sehemu moja ya nane kila moja. Nguzo nne za pembeni hubeba sehemu moja ya kumi na sita kila moja. Nguzo ya katikati peke yake ina kilo 780 za watu, karibu magunia 16 juu ya mguu mmoja. Wajenzi wengi huweka mti mbovu katikati kwa kuwa hauonekani. Fanya kinyume: nguzo iliyo bora kuliko zote iende katikati.

NNE, CHAGUA MBAO

Nguzo ziwe za mkaratusi uliotiwa dawa, kama nguzo za umeme, zenye unene usiopungua inchi 7. Mkaratusi usiotiwa dawa ukifukiwa, mchwa huumaliza kwa miaka michache, na huula kutoka ndani huku nje ukionekana mzima. Moyo wa mvule hustahimili mchwa, lakini mvule umekatwa mno katika Busoga na bei yake si ya mshahara wetu. Aliye na mvule shambani na auache ukue.

Dawa haifiki katikati ya mti. Kwa hiyo usikate ncha itakayoingia ardhini. Kata ncha ya juu, kisha paka dawa mahali ulipokata. Kumbuka pia kwamba dawa hiyo ya rangi ya kijani mara nyingi ina aseniki, ambayo ni sumu. Fundi avae glovu na afunge pua anapopiga msumeno. Vipande vilivyobaki visitumiwe kuni hata siku moja, maana moshi na majivu yake ni sumu kwa mama anayepika na kwa watoto waliomzunguka. Vizikwe mbali na kisima.

Mbao za sakafu na za kubeba ziwe kavu. Mbao mbichi hupinda na kusinyaa, na misumari hulegea. Zipange kivulini, ukitenganisha kila safu kwa vijiti ili upepo upite, na uziache majuma kadhaa kabla ya kuzitumia.

TANO, SIMAMISHA KAZI

Mashimo. Chimba sentimeta 90, na kipimo hicho kichukuliwe kutoka ukingo wa shimo ulio upande wa bondeni, si ule wa mlimani. Ukipima upande wa mlimani, nguzo itakuwa imefukiwa kidogo kuliko unavyodhani. Shimo lipite udongo mweusi wa juu na lifike udongo mgumu ambao haujawahi kuchimbwa. Usisimamishe nguzo juu ya udongo wa kujaza, kwa kuwa mvua ya kwanza itaushusha. Chini ya shimo weka zege pana la sentimeta 50 kwa 50, unene wa sentimeta 20, ili mzigo uenee. Chimba zaidi kwa ajili ya unene huo. Zunguka nguzo kwa udongo mkavu ulioshindiliwa kidogo kidogo, na juu uinue kama kichuguu ili maji yakimbie.

Boriti. Kila safu ya nguzo hubeba mbao mbili za inchi 8 kwa 2, moja kila upande wa nguzo, zikifuata upana wa mlima. Usizipigilie misumari ubavuni mwa nguzo tu. Chonga bega la inchi 2 kila upande wa kichwa cha nguzo, pabaki ulimi wa inchi 3 katikati, na ubao ukae juu ya bega hilo. Kisha pitisha bolti mbili za milimita 12, urefu wa inchi 8, pamoja na washa na nati. Hivyo mzigo unakaa juu ya mti, na kazi ya bolti ni kushika tu.

Mbao za kubeba sakafu. Hizi ni za inchi 6 kwa 2, urefu wa meta 3, zikielekea bondeni juu ya boriti tatu. Ziwe 11, kila moja sentimeta 40 kutoka mwenzake.

Sakafu. Mbao za unene wa inchi moja na nusu, misumari miwili kila zinapovuka. Mkaratusi ni mgumu na hupasuka, kwa hiyo toboa kwanza kwa keekee. Acha nafasi ya unene wa msumari wa inchi 6 kati ya ubao na ubao ili maji ya mvua yapite.

Mishikizo ya mshazari. Nguzo ndefu bila mshikizo ni kama mtu aliyesimama miguu pamoja. Safu ya katikati na ya bondeni zifungwe kwa mbao za mshazari, kwa upana wa mlima na kwa kuelekea bondeni pia, kwa bolti. Ukisimama juu na kuyumba, baraza lisiyumbe nawe.

Ukuta wa nyumba. Usilitegemeze baraza kwenye ukuta, hasa ukuta wa udongo au wa tofali zisizochomwa. Lisimame kwa miguu yake lenyewe, na uache nafasi ya sentimeta 3. Nyumba ikizama kidogo baraza halitaing'oa, na baraza likitikisika ukuta hautapasuka.

Kizuizi cha ukingoni. Sakafu upande wa bondeni iko karibu sentimeta 180 juu ya ardhi, na mtoto akianguka hapo ataumia vibaya. Weka kizuizi cha meta 1, na nafasi kati ya fito zisizidi sentimeta 10 ili kichwa cha mtoto kisipite. Vigingi vya kizuizi vifungwe kwa bolti kwenye mbao za kubeba, wala si kwa misumari juu ya sakafu, kwa sababu siku ya sherehe watu kumi watakiegemea kwa pamoja.

SITA, MITI NA MAJI

Mti ulio hai unafanya kazi mbili bila malipo: mizizi yake inashona udongo, na majani yake yanapunguza nguvu ya mvua. Ukiukata, kisiki hakifanyi kazi hiyo daima. Mizizi huoza baada ya miaka michache, na ndipo udongo huachia, wakati mwenye nyumba amekwisha kusahau kwamba aliwahi kukata mti.

Kwa hiyo sogeza nguzo, usisogeze mti. Ukikuta mzizi mnene shimoni, chimba pembeni. Kama shina linapita katikati ya baraza, acha tundu lenye nafasi ya sentimeta 8 kuzunguka, na upanue kila mti unaponenepa. Usifunge baraza kwenye mti wala usiutumie mti kama nguzo, kwa maana mti huyumba kwa upepo na utazing'oa bolti zako. Matawi makavu yanayoning'inia juu ya baraza yapunguzwe.

Maji ya paa ni adui mwingine. Weka mfereji wa bati na uyapeleke kwenye pipa au tangi. Yanayozidi yaongozwe kwa mtaro wenye mawe hadi penye majani, yasimwagike miguuni mwa nguzo wala kwenye kiwanja cha jirani aliye chini. Chini ya baraza usichimbe stoo. Ukichimba, umeurudia ule ule ubaya tuliouanza nao.

KWA WALE WALIOKWISHA KUKATA

Wako ndugu ambao nyumba zao tayari zimekaa kwenye mlima uliokatwa. Msiongeze kuchimba. Zibueni mtaro ulio juu ya ukuta wa udongo ili maji yasisimame hapo, na pandeni matete na miti ukingoni. Watoto wahamishiwe vyumba vya mbele, mbali na ukuta huo, wakati wa mvua. Hatua hizi hazimalizi hatari, lakini zinawapa watu nafasi ya kutoka wazima.

KWA WENZETU MAFUNDI

Kazi hii si ya nyumbani tu. Kuna wafanyakazi wanaojenga majukwaa ya mbao katika hoteli za watalii juu ya ukingo wa Nile kaskazini mwa Jinja na huko Sipi. Hao wajue mambo mawili.

La kwanza, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 imemwekea mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake. Anayefanya kazi kwenye ukingo mkali anahitaji kamba, viatu na kofia ngumu, na wa kuvitoa ni mwajiri. Mfanyakazi mmoja akidai peke yake huitwa mkorofi. Wote wakidai kwa pamoja, kupitia mjumbe wao wa chama, ni mazungumzo.

La pili, kanuni za mwaka 2000 za kulinda kingo za mito na maziwa ziliweka meta 100 za hifadhi kutoka ukingo wa Nile, na meta 200 kutoka ufuko wa ziwa Viktoria. Kabla ya kuanza kuchimba ndani ya eneo hilo, muulizeni mwenye kazi kibali chake. Kazi ikisimamishwa katikati, mara nyingi anayekosa malipo ni kibarua.

KUTUNZA

Kila mwaka kabla ya mvua za Machi, ingia chini ya baraza na bisibisi mkononi. Ichome kila nguzo karibu na ardhi na kila boriti kwenye bega. Ikizama kwa urahisi, mti umeoza, badilisha. Kaza nati zote. Tazama njia za udongo za mchwa juu ya nguzo. Kazi hii haizidi nusu ya siku, na ndiyo inayotofautisha baraza la miaka ishirini na baraza la miaka minne.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KUNDI

1. Kwa nini ukuta wa udongo uliokatwa husimama kiangazi na kuanguka wakati wa mvua?
2. Baraza la meta 4 kwa meta 4 likijaa watu, litabeba kilo ngapi? Ni magunia mangapi ya sukari?
3. Kwa nini nguzo ya katikati hubeba zaidi kuliko ya pembeni?
4. Jirani aliye juu yako anataka kukata mlima ili ajenge. Mtazungumzaje naye, na ni nani mwingine wa kumshirikisha?
5. Mahali mnapofanya kazi, ni kazi gani ya juu au ya ukingoni inayofanywa bila kamba? Kundi lichague mjumbe wa kuifikisha kwenye kamati ya chama kabla ya mkutano ujao.